Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini "ough" ya Kiingereza Haina Sauti Moja?

Barua zilizochaguliwa safari hii zinahusu herufi nne za Kiingereza zinazofuatana, o, u, g na h, pamoja na maneno yanayozibeba. Tumezijibu kwa pamoja kwa sababu jibu la moja hulisaidia jingine. Matamshi tumeyaandika kwa tahajia ya Kiswahili kwa kadiri inavyowezekana, na isipokuwa pale tulipotaja Marekani, tumefuata matamshi ya Uingereza yanayofundishwa katika shule zetu.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu mkoani Morogoro. Tulikuwa tukisoma kifungu kwa sauti nikakutana na neno "tough", nikalisoma "tau", kwa kuwa wiki iliyotangulia tulifundishwa kwamba "bough" husomwa "bau". Darasa zima lilicheka. Nimetafuta kanuni ya herufi hizi nimeikosa. Je, zinasomwaje, na kwa nini Waingereza waliandika namna moja kitu ambacho hawakitamki namna moja?

JIBU: Marahaba. Kabla ya yote, fahamu kwamba ulichokifanya darasani ndicho anachokifanya kila msomaji makini: ulichukua ulichojua kuhusu neno moja ukakitumia kwa neno jingine linalofanana nalo. Njia hiyo haikuangushi katika Kiswahili, na katika sehemu kubwa ya Kiingereza pia hufaa. Imekwama hapa tu, na imekwama kwa sababu inayoweza kuelezwa.

Tuanze na sauti zenyewe. Katika maneno kadhaa, "gh" husikika kama f. "Tough" hutamkwa "taf", na maana yake ni kitu kigumu, kama nyama isiyotafunika au swali lisilojibika kwa urahisi, na hata mtu mvumilivu asiyetikiswa na shida. "Rough" hutamkwa "raf", yaani kitu cha kukwaruza, au barabara yenye mashimo, au makadirio ya juujuu yasiyo kamili. "Enough" ni "inaf", maana yake -a kutosha. "Cough" ni "kof", kukohoa, na "trough" ni "trof", yaani hori la kulishia au kunyweshea mifugo, neno ambalo wataalamu wa hali ya hewa nao hulitumia kwa ukanda mrefu wa mgandamizo mdogo wa hewa.

Katika maneno mengine "gh" haisikiki kabisa, na irabu inayobaki haiwi moja. "Though" ni "dhou", ingawa. "Dough" ni "dou", unga uliokandwa kwa ajili ya mkate au chapati. "Through" ni "thruu", kupitia ndani ya kitu na kutokea upande wa pili. "Bough" ni "bau", tawi kubwa la mti, na "plough" ni "plau", chombo ambacho wakulima wetu wamelichukua jina lake kama lilivyo. "Drought", ukame, ni "draut". Panapokuwa na t mwishoni, mara nyingi sauti huwa "oot" ya kuvuta: "thought", "bought", "brought", "fought", "sought". Mwisho kuna "thorough" na "borough", ambayo huishia kwa irabu hafifu isiyo na mkazo, "thara" na "bara", na "hiccough", ambalo lina barua yake hapa chini.

Sasa sababu. Waingereza wa zamani, kabla ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka nchi yao mwaka 1066, walikuwa na sauti mbili ambazo Mwingereza wa leo hanazo lakini wewe unazo. Moja ni ile tunayoiandika kh katika "sheikh" na "Khamis". Ya pili ni gh ya "lugha", "ghali" na "ghorofa". Neno la unga uliokandwa liliandikwa "dag", na g hiyo ilitamkwa kama gh yetu. Neno la ugumu lilikuwa "toh" na la kukwaruza "ruh", na h hizo zilitamkwa kama kh yetu. Tawi lilikuwa "bog", na -a kutosha lilikuwa "genog". Angalia irabu za maneno hayo: a, o, u. Hazikuwa namna moja hata siku ile ya kwanza, wala konsonanti zake hazikuwa moja. Kwa hiyo si kweli kwamba kulikuwa na sauti moja iliyovurugika baadaye. Yalikuwa maneno mbalimbali yaliyokuja kuvikwa vazi moja la maandishi.

Vazi hilo lilishonwa na waandishi wa baada ya 1066, waliofunzwa kuandika Kifaransa na Kilatini. Waliikuta sauti ya nyuma ya kinywa ambayo lugha hizo hazikuwa na herufi yake, na baada ya muda ikazoeleka kuandikwa "gh". Uamuzi huo haukuwa wa kipuuzi. Katika karne ya 14, aliyeandika "night" alikuwa akiitamka ile kh, kama Mjerumani anavyoitamka mpaka leo anaposema "Nacht", na kama wazungumzaji wa lahaja za Uskoti wanavyosema "nicht". Mjerumani humwita binti "Tochter" na kucheka huita "lachen", wakati Mwingereza huandika "daughter" na "laugh". Kila penye "gh" ya Kiingereza, mara nyingi Mjerumani ana "ch" inayosikika.

Kisha, kati ya karne ya 15 na ya 17, midomo ya watu wa London na maeneo ya jirani ikaanza kuiacha sauti hiyo, wala haikuachwa kwa njia moja. Mahali ambapo irabu iliyotangulia iliifanya midomo iwe ya duara, kh iliyotamkwa kwa midomo iliyokusanywa ilisogea mbele na kuwa f. Ukitaka kuona jinsi ilivyowezekana, tamka kh ya mwisho ya "sheikh" huku umekusanya midomo kama unayetaka kupiga mluzi, kisha sikiliza jinsi ilivyokaribia f. Mahali pengine kh ilififia hadi kutoweka. Mbele ya t ilitoweka na kuiacha irabu ikirefuka. Maneno hayo yalisemwa kwa lahaja mbalimbali za nchi, na London, mji ulioingiza watu kutoka kila upande, ilichukua neno hili kwa matamshi ya huku na lile kwa matamshi ya kule.

Mfano ninaoupenda zaidi ni "enough", kwa sababu lilikuwa na ndugu yake. Lilipotumika peke yake lilimalizikia na kh, nayo ikawa f. Lilipoongezwa kiambishi cha wingi, ile g ilijikuta katikati ya irabu mbili ikabaki gh laini, nayo ikalegea ikawa w. Hapo likapatikana neno "enow", lililosomwa "inau", ambalo ushairi wa zamani unalo na mazungumzo ya leo yameliacha. "Bough" na "plough" yalifuata njia ya "enow", ndiyo maana yana "au". "Tough" na "rough" yalifuata njia ya "enough". Kwa hiyo "bau" uliyofundishwa na "taf" uliyochekewa ni matokeo ya mabadiliko mawili ya kawaida kabisa.

Wakati huohuo irabu ndefu za Kiingereza nazo zilikuwa zikihama, kati ya takriban 1400 na 1700. Neno la nyumba, "house", hapo kale lilitamkwa "huus". Katikati ya msukosuko huo, mwaka 1476, William Caxton aliweka mtambo wa kwanza wa kuchapa vitabu nchini Uingereza, pale Westminster. Wachapaji walihitaji kuandika neno kwa namna inayotambulika na wanunuzi wengi, hivyo tahajia ikaanza kutulia wakati matamshi bado hayajatulia. Kufikia mwaka 1755, Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa, "ough" ilikuwa imekaa mahali pake, na sauti iliyosababisha iandikwe ilikuwa imeshaondoka London.

Kiswahili nacho kimepita hapo kwa kiasi fulani. Vitabu vya zamani viliandika "khabari" na "khatari", kwa kufuata sauti ya Kiarabu ambayo wengi wa mwambao waliitamka, na baadhi huitamka hadi leo. Wasemaji wengi walipoitamka h tupu, tahajia sanifu ikaandika "habari" na "hatari". Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilikuwa na mamlaka ya kusanifisha maandishi ya vitabu vya shule. Kiingereza hakikuwahi kuwa na kamati ya namna hiyo yenye kusikilizwa na wote. Hiyo ndiyo tofauti kati ya daftari lako la Kiswahili na lile la Kiingereza, wala haihusiani na akili ya anayesoma. Waonyeshe wenzako maelezo haya.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mzazi wa Mombasa. Binti yangu anachanganya "though", "through", "thought" na "thorough", kwa kuandika na kwa maana. Nimsaidieje bila kumlazimisha kukariri tu?

JIBU: Bi mpendwa, mwanzie binti yako kwenye sikio, kwa sababu sikio la Mswahili lina faida hapa. Wanafunzi wa mataifa mengi husumbuka kutofautisha sauti mbili za "th" ya Kiingereza. Sisi tunazo zote na tunaziandika kwa herufi mbalimbali. "Though" huanza na dh ya "dhahabu". Mengine matatu huanza na th ya "thamani". Akishalisikia hilo, "though" litajitenga lenyewe. Maana yake ni ingawa au hata hivyo, na likiongezwa "al" mbele huwa "although", lenye maana ileile, ila "although" halikai mwishoni mwa sentensi kama "though" linavyoweza kukaa.

"Thought" lina t mwishoni, na t hiyo ina kazi. Ni wakati uliopita wa "think", kufikiri, na pia ni nomino, yaani wazo. Mfundishe pamoja na wenzake wa aina hiyo: "bring" na "brought", kuleta, "buy" na "bought", kununua, "seek" na "sought", kutafuta, "fight" na "fought", kupigana. Hapa kuna kosa ambalo wasahihishaji wa mitihani hulijua vizuri, la kuandika "brought" mahali pa "bought". Tiba yake iko ndani ya maneno yenyewe: "bring" lina r, kwa hiyo "brought" lina r; "buy" halina r, kwa hiyo "bought" halina. Vivyo hivyo "catch" na "teach" yana herufi a, nayo huzaa "caught" na "taught" kwa a, wala si kwa o. Mtoto akiiona sababu hiyo kwa macho yake hataihitaji tena karatasi ya kukariri.

Lakini habari nzuri zaidi ni ya "through" na "thorough", kwa sababu hayo mawili yalikuwa neno moja. Kale lilikuwa "thurh", kupitia. Lilipotamkwa haraka ndani ya sentensi, r ilibadilishana nafasi na irabu, likawa "thrugh", na hatimaye "through". Liliposemwa kwa mkazo na kwa kuvutwa, irabu nyingine iliingia katikati likapata silabi mbili, nalo likawa "thorough". Baadaye yakagawana kazi. La kwanza likabaki na maana ya kupitia: maji hupita "through" bomba, mtu hutembea "through" msitu. La pili likabeba maana ya jambo lililofanywa kwa kupitiwa lote, toka mwanzo hadi mwisho, bila kuacha kona: uchunguzi "thorough" ni uchunguzi wa kina, na kusafisha nyumba "thoroughly" ni kuisafisha kikamilifu. Kiswahili kinauona uhusiano huo bila taabu, kwani nasi husema "nimeipitia ripoti yote" tukimaanisha kwamba tumeisoma kwa makini. Lipo pia neno ambamo "thorough" bado lina maana yake ya zamani: "thoroughfare", yaani barabara au njia ya kupitia. Kibao kinachosema "no thoroughfare" kinamwambia mtu kwamba hapa hapapitiki kwenda upande wa pili.

Mwambie binti yako aandike sentensi moja fupi kwa kila neno kuhusu mambo ya nyumbani kwake, si sentensi za kitabuni. Maneno haya husahaulika haraka yanapokaa peke yake kwenye orodha.

SWALI: Mhariri, naishi Minneapolis, Marekani, na kazi yangu ni udereva wa lori. Barabarani naona vibao vimeandikwa "thru", mkahawani "donut", na wakulima wa huku huandika "plow". Mimi nilifundishwa Tanzania kwamba hayo ni makosa. Je, Wamarekani wanakosea?

JIBU: Ndugu dereva, hayo matatu hayana hadhi sawa, kwa hiyo jibu nalo linagawanyika.

"Plow" si kosa hata kidogo. Ni tahajia rasmi ya Marekani, na kamusi ya Noah Webster ya mwaka 1828 ilichangia sana kuiimarisha. Webster hakuitunga, ilikuwepo tangu zamani hata Uingereza sambamba na "plough", naye akaichagua kwa kuwa inasomeka kama ilivyoandikwa. Kwa fikra hiyohiyo Wamarekani huandika "draft" pale ambapo Waingereza, kwa baadhi ya maana za neno hilo, huandika "draught" na kulisoma "draaft". "Donut" ni kifupisho cha "doughnut", andazi tamu la kukaangwa, ambacho matangazo ya biashara yamekieneza; kamusi za Marekani hukikubali, ingawa "doughnut" ndilo linalofaa zaidi katika maandishi rasmi.

"Thru" lina historia ya mapambano. Mwaka 1906 iliundwa Marekani bodi ya kurahisisha tahajia, ikifadhiliwa na tajiri wa chuma Andrew Carnegie, nayo ikatoa orodha ya maneno 300 yaliyopendekezwa kuandikwa kwa ufupi. Ndani yake yalikuwemo "tho", "altho", "thru" na "thoro". Mwaka huohuo Rais Theodore Roosevelt aliagiza idara ya uchapaji ya serikali iifuate orodha hiyo. Magazeti yalimshambulia, Baraza la Wawakilishi likaipinga amri hiyo, na kabla mwaka haujaisha akaiondoa. Gazeti la Chicago Tribune, lililoanza marekebisho yake ya tahajia mwaka 1934, liliandika "tho", "thru" na "thoro" kwa miaka mingi, nalo likayaacha mwaka 1975. Kilichosalia ni matumizi ya mahali penye nafasi finyu, kama vibao vya barabarani, na majina ya huduma, kama dirisha la mkahawa ambapo mteja hununua bila kushuka garini.

Nasikitika kwamba jaribio la 1906 lilishindwa. Lingewapunguzia mzigo mamilioni ya watoto, na hasa watoto wa nchi zetu wanaofanyiwa mitihani kwa lugha ambayo si yao. Hata hivyo, katika fomu za kazi, barua za ofisini na mtihani wa udereva wa maandishi, andika "through" kwa ukamilifu. Kwenye ujumbe wa simu kwa rafiki, "thru" na "tho" hayamkwazi mtu.

SWALI: Mheshimiwa mhariri, mimi ni karani wa sheria, Unguja. Katika nyaraka za Kiingereza nakutana na "ought", "nought" na "wrought". Naomba maana zake na asili yake, kwani kamusi yangu ni ndogo.

JIBU: Ndugu karani, umegusa maneno yenye asili nzito kuliko mengi ya jamii hii.

"Ought" kwa asili ni wakati uliopita wa kitenzi kilichozaa "owe", kudaiwa. Kitenzi hicho kilianza na maana ya kumiliki, kikaingia katika maana ya kuwa na kitu ambacho ni haki ya mwingine, yaani kuwa na deni. Kutoka hapo "ought" likafikia maana yake ya leo, kupaswa, na watu wakasahau kwamba lilitokana na deni. Anayesema "you ought to pay" anasema kwamba inakupasa kulipa, kwa haki au kwa uadilifu, kana kwamba jambo hilo lilishakuwa deni lako. Ndiyo maana katika nyaraka zako si vema kulifasiri sawasawa na "must", ambalo ni lazima isiyo na hiari, wala sawasawa na "shall" ya mikataba, ambayo huweka wajibu wa kisheria. "Ought" hupima wajibu kwa kipimo cha uadilifu au busara; lina nguvu, lakini kwa kawaida halifungi kama sharti la mkataba. Tafsiri yake salama ni "inapasa" au "yapasa".

"Nought" limeundwa kwa kukanusha neno la kale lenye maana ya kitu: si kitu, hakuna kitu. Nchini Uingereza ni pia jina la tarakimu sifuri. Kikanushi "not", ambacho kila mwanafunzi hukijua tangu siku za mwanzo, ni "nought" lililofupishwa kwa kutumika sana. Lipo pia kwa tahajia ya "naught", na kutoka hapo limezaliwa "naughty", ambalo kwanza lilimaanisha asiye na kitu, kisha mwovu, na leo ni mtoto mtundu.

"Wrought" ni wakati uliopita wa zamani wa "work". Leo "worked" limechukua nafasi yake, lakini "wrought" limesalia kwa kazi ya mikono yenye ufundi: "wrought iron" ni chuma kilichofuliwa, tofauti na kile kilichomiminwa kwenye kalibu. Ndugu yake ni "wright", fundi, linaloonekana ndani ya "playwright", mtunzi wa tamthilia, ambaye kwa neno hilo anahesabiwa fundi wa mchezo, ndiyo maana tahajia yake haina "write" ndani.

Kwa kuwa umeuliza asili, nitaongeza la "dough", ingawa halimo katika nyaraka zako. Mzizi wake umejificha katika "lady", bibi mwenye heshima. Kale neno hilo liliunganisha mkate na mtu anayekanda, kwa hiyo "lady" alikuwa mkandaji wa mkate, na "lord", bwana, alikuwa mlinzi wa mkate. Heshima ya nyumba ilihesabiwa kwa chakula kilichotoka humo. Na "bough", kabla ya kuwa tawi, lilimaanisha bega au mkono. Mzizi huohuo umetoa jina la Kiingereza la omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo cha majini, kwa kuwa omo ndiyo mabega ya chombo kinapoyakata maji.

SWALI: Nimepata nafasi ya kusoma Uingereza, katika mji wa Loughborough. Nitawezaje kuutaja mji wangu bila kuona haya?

JIBU: Hongera sana. Sema "Lafbara", mkazo ukiwa mwanzoni. Mji wako una "ough" mbili zenye sauti mbili, na ya pili ni ileile ya "borough", neno lililotokana na "burh", mji wenye ngome. "Borough" leo ni eneo la utawala wa mji: London ina 32 ukiacha eneo la kale la City, na New York ina tano. Neno hilohilo limo katika Edinburgh, inayotamkwa "Edinbara", na ni ndugu wa "burg" iliyo mwishoni mwa jina la Hamburg ya Ujerumani. Pittsburgh ya Marekani, kwa upande wake, hutamkwa kwa g kavu ya mwisho, na bodi ya serikali ya majina ya mahali iliwahi kuiondoa h yake mwaka 1891, wakazi wakang'ang'ana hadi ikarudishwa mwaka 1911.

Ukishuka uwanja wa ndege wa Heathrow, utauona mji jirani unaoandikwa Slough. Huo husomwa "slau", na kama neno la kawaida lina maana ya tope au kinamasi. Liko pia "slough" jingine, lisilo na undugu nalo, linalosomwa "slaf", yaani kujivua ngozi kama afanyavyo nyoka. Na ukipata nafasi ya kwenda Ireland ya Kaskazini, utakuta ziwa kubwa la Lough Neagh. "Lough" ni ziwa, na wenyeji huitamka ile kh ya zamani waziwazi, "lokh". Wageni wengi hushindwa wakasema "lok". Wewe hutashindwa.

SWALI: Kwa nini "hiccough", kwikwi, huishia na sauti ya p?

JIBU: Kwa sababu neno hilo halikuwahi kuwa na kh wala gh. Liliundwa kwa kuiga mlio, kama "kwikwi" yetu, na tahajia ya "hiccup" ilitangulia. Baadaye watu walidhani kwamba sehemu yake ya mwisho ni "cough", kikohozi, wakaliandika hivyo, lakini matamshi hayakubadilika. Kamusi hukubali tahajia zote mbili na hupendelea "hiccup". Andika "hiccup".